Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mipango miji Mtwara: tuonyesheni mchoro kabla hatujaweka msingi

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi mnaoshika dhamana ya ardhi na mipango miji katika mkoa wetu wa Mtwara: mameya na madiwani, wakurugenzi, maafisa mipango miji na maafisa ardhi, Kamishna wa Ardhi Msaidizi, na juu yenu Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi. Walionizidi umri, shikamooni. Wengine nawasalimu kwa heshima zote.

Katika mji wetu mtu anaweza kuwa na nyumba, akailipia kodi, akaoza mabinti zake katika ua wake, na asijue kwamba kwenye mchoro wa mipango miji mahali hapo pameandikwa barabara. Au shule. Au eneo la wazi. Habari humfikia siku anapokwenda kuomba kibali cha kuongeza vyumba, au anapopeleka maombi ya hati, au asubuhi anapofungua mlango na kukuta alama ya X ukutani. Jambo hili linatuumiza, na kulizuia hakuhitaji fedha nyingi. Ninachoomba ni kwamba kila mchoro unaogusa makazi ya watu uletwe mtaani na ukae huko, kwenye ofisi ya mwenyekiti wa mtaa, ukiwa umefafanuliwa kwa Kiswahili cha kueleweka. Na kila mwenye nyumba ambaye mchoro umempitia aambiwe kwa maandishi itakuwaje na lini. Mengine yote nitakayoyaandika yanatokana na hilo.

Sipingi mipango miji. Mtu wa Mtwara akiipinga atakuwa anakana alikotoka, kwa maana Mtwara yenyewe ni mji wa mchoro. Mikindani ilikuwa bandari zamani sana, lakini mji huu mwingine ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, Waingereza walipotaka bandari yenye kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea kwa ajili ya karanga zao. Mradi wa karanga ulikufa. Reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo imebaki jina la kata. Kilichobaki kwa faida yetu ni mitaa iliyonyooka na barabara pana ambazo mgeni kutoka Dar es Salaam huzishangaa. Gari la zimamoto linapita, bomba la maji lina pa kulazwa, na mgonjwa hatolewi ndani kwa kubebwa mgongoni hadi barabara kuu. Sisi tuliokulia hapa tunajua thamani ya mpango kuliko wengi.

Ila mpango ule ule uligawa watu. Shangani, upande wa upepo wa bahari, palitengewa viwanja vikubwa vya maofisa wa Kizungu, na Waafrika wakawekwa kwenye viwanja vidogo upande wa bara. Ubaguzi wa rangi uliondoka na wakoloni. Madaraja ya viwanja vya ujazo mdogo, wa kati na mkubwa bado tunayo. Nayakumbusha haya kwa sababu kila mchoro huamua nani apate nafasi, nani apate njia na nani apishe. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kukaa kwenye kabati la ofisi moja.

Naomba kwanza mtufahamu jinsi tunavyojenga, kwa kuwa masharti mengi yameandikwa kana kwamba sote tunapokea mshahara. Wachache tunao mshahara, na wachache zaidi wamewahi kupata mkopo wa nyumba benki. Wengi tunajenga kwa korosho, zetu wenyewe au za ndugu walioko Newala, Tandahimba, Masasi na Nanyamba. Minada ikifunguliwa Oktoba ndipo tofali zinafyatuliwa na fundi anapigiwa simu. Msimu huu umepata kiwanja, msimu ujao unaweka msingi, ule mwingine kuta zinafika linta, kisha unasubiri tena. Na korosho haina ahadi. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei za mnadani, Serikali ikaamua kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulitumia jeshi kuzisomba, na wapo waliokaa miezi na miezi wakingoja malipo. Oktoba 2024 minada ya kwanza ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na mji mzima ulisikia sauti ya nyundo. Ukipita mitaani ukaona kuta zilizoota majani bila paa, usidhani mwenyewe ametelekeza. Mara nyingi unaangalia msimu ulioharibika.

Sasa soma masharti ya hati ya kumiliki ardhi. Kwa kawaida mmiliki hutakiwa kuwasilisha michoro ya nyumba ndani ya miezi 6 na kukamilisha ujenzi ndani ya miezi 36. Miezi 36 ni misimu mitatu ya korosho, na katika misimu mitatu mmoja ukiwa mbaya, mtu ameshavunja sharti. Najua sharti hili limewalenga nani. Tuliwaona wakati wa joto la gesi, miaka ile ya 2012 na 2013, watu waliokuja na mabegi ya fedha wakanunua viwanja kwa mafungu wakavifungia, na vingine hadi leo ni vichaka vya nyoka katikati ya makazi. Hao wabaneni, tutawaunga mkono. Lakini aliyepandisha kuta kwa jasho la misimu miwili asiwekwe kapu moja nao. Uwepo utaratibu wa wazi wa kuongezewa muda: fomu moja, ukaguzi wa kuona kwa macho kwamba ujenzi unaendelea, jibu kwa maandishi. Asiyejua kwamba anaweza kuomba muda ndiye anayepokea barua ya kusudio la kufutiwa umiliki akidhani mambo yamekwisha.

Nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote, nalo ni neno “usiendeleze”.

Chukueni mfano wa mjane mwenye nyumba ya vyumba vinne pembezoni mwa mji. Aliishi pale tangu eneo lilipokuwa mashamba. Mji ukakua ukamfikia, eneo likatangazwa kuwa la upangaji, mchoro ukapitishwa, na kwenye mchoro ule ua wake umekuwa sehemu ya kiwanja cha shule. Shule tunaihitaji, watoto ni wetu. Hafukuzwi mtu. Anaambiwa tu kwa mdomo na mtendaji kwamba hapa pana mpango, usiendeleze. Pengine siku moja wanakuja wataalamu, wanampiga picha amesimama mlangoni ameshika karatasi yenye namba, wanahesabu mikorosho, minazi na miembe, anasaini fomu ambayo hakuisoma, wanaondoka. Baada ya hapo kimya.

Kwenye kimya hicho nyumba inaanza kuoza. Paa linavuja lakini haezeki, maana ameambiwa fedha yake itapotea. Choo kimejaa, hachimbi kingine. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam anataka kumjengea chumba chenye sakafu nzuri, jirani anamwonya asithubutu. Kuuza hawezi, nani anunue mgogoro? Kukopa kwa dhamana ya nyumba hawezi. Ikipita miaka ya namna hiyo, siku mthamini anaporudi anaikuta nyumba chakavu na kuithamini kwa uchakavu wake. Yaani amri ya kutoendeleza ndiyo iliyoishusha thamani, na hasara ya kushuka huko anaibeba aliyetii amri. Naomba kila afisa anayesoma barua hii alitafakari hili kwa dakika moja, akimweka mama yake mzazi mahali pa mjane huyo.

Sheria zetu hazikukusudia hivyo. Katiba, katika ibara ya 24, inalinda haki ya mtu kumiliki mali na inakataza kuichukua bila fidia inayostahili. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, ilitamka kwamba hata ardhi inayoshikwa kwa mila ni mali inayolindwa na ibara hiyo, kwa hiyo mtu wa shamba lililomezwa na mji asiambiwe kwamba hakuwa na kitu kwa kuwa hana hati. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kanuni zake za 2001 zinachambua hadi vitu vidogo: bei ya soko, posho ya usumbufu, posho ya makazi inayolingana na kodi ya pango ya miezi 36, gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Na Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 ikaweka saa ukutani: uthamini ukishaidhinishwa, ikipita miezi 6 bila malipo fidia inaanza kudai riba, na ikipita miaka 2 uthamini wenyewe unakufa na lazima urudiwe.

Waliotunga sheria hiyo walijua kabisa kwamba kusubiri ni hasara. Tatizo ni kwamba mjane wetu haijui saa hiyo ilianza kugonga siku gani. Hajaambiwa uthamini wake uliidhinishwa lini, au kama uliidhinishwa kabisa, wala hana nakala ya jedwali lenye jina lake. Mtu asiye na tarehe hana cha kudai, hata aende Baraza la Ardhi na Nyumba na wakili mzuri namna gani. Kumpa nakala yenye tarehe ni kazi ya karatasi moja na muhuri mmoja.

Liko pengo jingine kubwa zaidi, na hili linamhusu Mheshimiwa Waziri. Saa ya sheria inaanza kuhesabu kwenye uthamini. Kipindi kilichotangulia uthamini, tangu mchoro ulipopitishwa na neno “usiendeleze” likatamkwa, hakina saa. Kinaweza kuwa miezi, kinaweza kuwa muongo, na hakuna anayelipa. Naomba kanuni iseme hivi: eneo la mtu likitengwa kwa matumizi ya umma, mamlaka iliyolitenga ipewe muda maalumu, tuseme bajeti mbili za halmashauri, iwe imelitwaa na kulipa au imeliachia kwa barua. Kama fedha ya shule haipo na haitakuwepo karibuni, mwacheni mama aezeke nyumba yake. Kabla ya kanuni kubadilika, halmashauri zetu zinaweza kujiwekea utaratibu huo zenyewe kwa azimio la baraza la madiwani. Wenzetu wa Likong'o, kule Lindi, ardhi yao ilichukuliwa kwa ajili ya mradi wa kuchakata gesi asilia, na fidia ilianza kulipwa mwaka 2020 baada ya kusubiri kwa miaka. Ule ni mradi wa taifa wenye macho ya dunia juu yake. Je, kiwanja cha zahanati ambacho hakuna mwandishi wa habari anayekifuatilia?

Tukienda ufukweni, habari ni ya mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari na kingo za mito na maziwa, na Sheria ya Ardhi nayo ilikwisha kuutaja umbali huo katika ardhi hatarishi. Nia yake ninaiheshimu. Bahari inakula pwani, na mikoko ikikatwa hakuna kinachoizuia. Lakini simameni Mikindani mpime mita 60 kutoka maji yanapofika. Mtakuwa mmemeza sehemu kubwa ya mji wa kale, nyumba za mawe zilizokuwepo kabla ya Boma la Wajerumani la mwaka 1895, misikiti, makaburi, na nyumba za wavuvi ambao hawawezi kuvulia wakitokea porini. Wenye nyumba zile wanabanwa na mikono miwili kwa wakati mmoja: mazingira inawaambia wako mahali pasipotakiwa, na wahifadhi wa mambo ya kale wanawaambia wasibomoe wala wasibadilishe ukuta. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyotangulia mwaka 1863. Mwenye nyumba ya namna hiyo, asiye na uwezo wa chokaa na boriti za asili, anabaki kuitazama ikianguka.

Hapa naomba mpango uzungumze waziwazi. Mikindani iwekewe masharti yake yenyewe ndani ya mchoro: nyumba ipi inahifadhiwa na nani atasaidia kuikarabati, ipi inaruhusiwa kubaki na kufanyiwa matengenezo ya kawaida, na wapi hasa ujenzi mpya umekatazwa. Mstari wa mita 60 uwekewe alama ardhini, watu wauone kwa macho. Kwa sasa kila mtu anaukisia, na kukisia huko kumekuwa mlango wa mwenye fedha kupata kibali mahali ambapo mvuvi amekatazwa.

Kuhusu barabara sitasema mengi, maana elimu ya X angalau imesambaa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Aliye ndani ya mita 22.5 za zamani anapigwa X nyekundu na halipwi, aliye ndani ya mita 7.5 zilizoongezwa anapigwa X ya kijani na anastahili kulipwa. Ninachoomba ni dogo: barabara ya kwenda Newala hadi Masasi na nyingine zinazoendelea kujengwa, mawe ya hifadhi yawekwe mapema na yaonekane, hata kabla ya mkandarasi kujulikana. Kijana anayenunua kiwanja cha pembeni ya barabara kwa fedha ya msimu wake wa kwanza asikipate kwa muuzaji anayejua asichokijua yeye.

Kisha kuna majirani ambao hatukuwachagua. Unajenga kwenye kiwanja kilichoandikwa makazi, kwa kuwa uliambiwa ni makazi. Baada ya muda jirani yako anakuwa ghala, au yadi ya malori, au baa inayopiga muziki hadi alfajiri. Kubadili matumizi ya kiwanja kuna utaratibu wake, na utaratibu unataka kusudio litangazwe ili wenye pingamizi waseme. Lini mara ya mwisho mmeona tangazo la namna hiyo limebandikwa kwenye kiwanja chenyewe, kwa herufi ambazo mpita njia anazisoma? Tangazo la gazetini halimfikii mama muuza samaki wa Magomeni.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu makaa ya mawe kutoka Ruvuma yalipoanza kupitia bandari yetu kwa wingi. Bandari ikichangamka sote tunafurahi. Vijana wamepata kazi, gati jipya halikujengwa liwe pambo. Lakini vumbi la makaa halisomi hati ya mtu. Serikali imeamua shehena chafu ihamie kwenye bandari ya Kisiwa Mgao, na huo ni uamuzi sahihi kabisa wa mipango. Wasiwasi wangu ni wa huko Kisiwa na vijiji vyake. Bandari ikishaanza, malori yatataka maegesho, madereva watataka kula na kulala, na ardhi yote ya jirani itageuka lulu. Kama mchoro wa eneo lile hautawekwa hadharani mapema, wenyeji watauza mashamba kwa bei ya mihogo, na wengine watajenga nyumba mahali ambapo yadi ya makaa imepangiwa. Huko bado hatujachelewa. Anzeni na Kisiwa.

Katika kubadili matumizi niwatetee pia wadogo. Mama aliyejenga fremu mbili mbele ya nyumba yake, moja ya kuuzia unga na nyingine akaipangisha kwa fundi cherehani, kisheria naye amebadili matumizi. Fremu hizo ndizo zinazosomesha watoto. Asifananishwe na mwenye ghala. Makundi ya matumizi ya ardhi yana nafasi ya makazi pamoja na biashara, na kwenye mitaa ambayo kila nyumba ya barabarani imeshakuwa na kiduka, ni heri mtaa mzima utambuliwe hivyo kwa mara moja kuliko kila mama kufuatiliwa peke yake, mlango kwa mlango, na mtu ambaye hatoi risiti.

Nimalizie na urasimishaji, yaani kupanga, kupima na kutoa hati kwenye makazi yaliyojengwa bila mpango, ambao nchi nzima uliendeshwa kama programu ya miaka 10 kuanzia 2013. Umewapa watu wengi hati na utulivu, na nawapongeza waliousimamia kwa uaminifu. Wizara ilifika mahali pa kuweka ukomo wa shilingi 150,000 kwa kiwanja, na hilo lilitusaidia. Tunajua pia zilizokuwepo shida: makampuni yaliyokusanya michango ya mitaa mizima yakapotea na bikoni, yaani mawe ya mipaka, hazijawekwa. Wanaodai fedha zao wanastahili kusikilizwa na kujibiwa, orodha zao zipo kwa wenyeviti wa mitaa.

Lakini liko jambo la haki ndani ya urasimishaji lisilosemwa sana. Ili mtaa upate barabara, watu humega maeneo yao bila kulipwa, kwa makubaliano. Mkiwa mmebanana, barabara haimegi kila mtu sawasawa. Mwenye nyumba ya kona anaweza kupoteza baraza, choo na nusu ya ua, na jirani yake wa nyuma, ambaye hakutoa hata hatua moja, kiwanja chake kikapanda bei kwa sababu sasa gari linafika. Yule wa kona akikataa, mtaa mzima unamwona mbaya. Naomba kamati za urasimishaji zielekezwe kwamba walionufaika wachangie kumfidia aliyeumia, kiwango kijadiliwe kwenye mkutano wa mtaa na kiandikwe kwenye muhtasari. Mradi wa Kuboresha Usalama wa Milki za Ardhi, unaotumia mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150, unao uwezo wa kulifanya hili liwe utaratibu.

Na wakati wa kuandika majina, tafadhali watu wenu wasimwandike tu mwanamume waliyemkuta barazani. Sisi huku, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo umefuata upande wa mama. Nyumba nyingi ni za dada na wajomba, na shemeji aliyekaa pale miaka 20 ni mkwe tu, si mwenye nyumba. Ulizeni mjomba ni nani kabla ya kujaza fomu. Kosa la jina moja kwenye hati huzaa kesi ya watoto na wajukuu.

Waheshimiwa, nyumba zetu mnazijua. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi na kuanzia 2023 ni shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Makato hayo hayaulizi kama nyumba iko kwenye kiwanja kilichopimwa au kwenye eneo lililotengewa shule. Nyumba inayotambulika kwa mita yake kila mwezi inaweza pia kutambulika kwa kuandikiwa barua pale mchoro unapoipitia.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wananchi washirikishwe na watoe maoni kabla mpango haujaidhinishwa. Mara nyingi ushirikishwaji huo hufanyika kwenye ukumbi, siku ya kazi, kwa wajumbe walioalikwa, na mchoro unaonyeshwa ukutani kwa dakika chache ukiwa na maandishi ambayo hata aliyekaa kiti cha mbele hayasomi. Leteni mchoro mtaani. Wekeni jina la kila mtaa, msikiti, kanisa, kisima na mwembe unaojulikana, ili bibi aweze kuiona nyumba yake. Uacheni hapo miezi, na iwepo siku inayofahamika ambayo afisa mipango miji anakuja kukaa ofisini kwa mwenyekiti na kujibu maswali, alasiri watu wakishatoka shamba na pwani.

Ninaomba, kwa niaba yangu na ya wenye nyumba wenzangu, mtujibu hadharani haya: ni mitaa ipi ya Mtwara ambayo mchoro wake umeshaidhinishwa na tunaweza kuuona wapi, ni maeneo gani ya watu yaliyotengwa kwa huduma za umma na hayajalipwa, na wale waliokwisha kufanyiwa uthamini, tarehe ya kuidhinishwa kwake ni ipi. Majibu yasomwe kwenye kikao cha baraza la madiwani kijacho na yabandikwe kwenye ofisi ya kila kata.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Mkazi na mwenye nyumba, Mtwara